Umeleta Nini?

  Ninyi mnaonisikiliza mkiwa kwenye daladala, mkifunga duka, au mkiwa jikoni redio ikiwa juu ya kabati la vyombo, karibuni nyote. Sogezeni kiti, tuzungumze.

Jioni hii nataka tuwazungumzie vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi ng'ambo wakiwa bado wanafunzi, au wakiwa ndio kwanza wamemaliza chuo. Sizungumzii anayekwenda kusoma tu, wala anayekwenda kutafuta maisha asijue atarudi lini. Namzungumzia yule anayekwenda kwa miezi kumi au kumi na mmoja, siku nyingi za juma yuko kazini, siku moja yuko darasani, muda ukiisha anapanda ndege anarudi. Njia hizi ziko nyingi. Wenzetu wa Kenya, kwa mfano, Septemba 2024 walitia saini makubaliano na Ujerumani, mjini Berlin, kufungua milango kwa wafanyakazi wenye ujuzi na vijana wanaojifunza kazi. Lakini mimi leo nitakaa kwenye njia moja ninayoifahamu kwa karibu, maana imepita nyumbani kwa dada yangu: vijana wa kilimo, wengi wao wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, wanaokwenda Israeli kujifunza kilimo kwa vitendo.

Na mazungumzo yangu yote yatazunguka swali moja. Tafadhali lishike. Kijana akirudi, tunamwuliza nini?

Nauliza hivyo kwa sababu mimi niliuliza vibaya.

Mpwa wangu aliporudi tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, watu wanane ndani ya Noah moja. Tulisubiri pale nje saa mbili nzima. Akatoka. Amekonda kidogo, anasukuma kitoroli chenye begi moja tu. Akanisogelea, akainama. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu. Haya, umetuletea nini?" Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka. Yeye alitabasamu kwa adabu, akaliangalia lile begi, halafu akaangalia chini. Msikilizaji, nilimwona. Kijana ametoka kufanya kazi miezi kumi na moja, na neno la kwanza alilolisikia kwa mjomba wake ni la kukagua begi. Mpaka leo lile jicho lake la kuangalia chini ninalo.

Sasa ngoja nikueleze alikotoka, ili uone ni kitu gani ambacho begi lisingeweza kubeba.

Alipelekwa bonde linaloitwa Arava. Bonde hilo linaanzia kusini mwa Bahari ya Chumvi, linashuka hadi Eilat, kwenye Bahari ya Shamu. Ni jangwa. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 50. Wewe uliyeko Morogoro, jiulize: mvua mbili tatu za masika zikipiga kwenye milima ya Uluguru, si umeshaipata mvua yao ya mwaka? Kiangazi joto lao linapita nyuzi 40. Maji ya visima vyao yana chumvi chumvi. Na hapo hapo, kwenye ardhi hiyo, inatoka sehemu kubwa ya pilipili hoho ambazo Israeli huziuza nje. Zinatoka na tende, zile nene zinazoitwa Medjool, ambazo nasi tunaziona madukani mwezi wa Ramadhani.

Wanafanyaje? Wanahesabu maji kwa tone. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1930 mhandisi wa maji aliyeitwa Simcha Blass aliuona mti mmoja umestawi kuliko wenzake uliopangwa nao, na juu ya ardhi hapakuwa na dalili ya maji. Alipochimbua akakuta bomba linavuja polepole karibu na mizizi. Watu wengi wangeziba bomba wakaenda zao. Yeye alikaa na jambo hilo miaka mingi, na mwaka 1965, pamoja na wanakijiji wa kibbutz ya Hatzerim, kampuni ya Netafim ikaanzishwa kutengeneza mipira ya kumwagilia kwa matone. Leo mipira ya namna hiyo unaikuta Arusha, Iringa, Naivasha, kila mahali.

Katika bonde hilo, pale Sapir, kuna kituo cha mafunzo kiitwacho AICAT, ambacho tangu mwaka 1994 kimekuwa kikipokea vijana kutoka Asia na Afrika. Mpwa wangu aliishi na wenzake kutoka Nepal, Vietnam na Ethiopia. Alfajiri wanaamka, saa kumi na moja wako shambani, maana jua likishapanda hakuna kazi tena. Wanachuma hoho, wanapogolea, wanachambua kwa madaraja, wanapanga kwenye katoni. Juma la kwanza, aliniambia baadaye, vidole vilivimba akashindwa kufunga vifungo vya shati.

Sikiliza hapa vizuri. Huyu alikuwa mhitimu wa kilimo. Miaka mitatu chuoni. Lakini alikuwa hajawahi kumaliza siku nzima shambani kwa kazi ambayo mtu mwingine angeikagua jioni. Je, ni kosa lake? Nani kati yetu amemsomesha mtoto kilimo ili akalime? Tunamsomesha kilimo ili apate ofisi ya kilimo. Tuseme kweli, wazazi wenzangu.

Kule akamkuta mwenye shamba, mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye elimu yake na trekta lake, yumo ndani ya mistari ya hoho pamoja nao, mkasi mkononi, jasho linamtoka. Mpwa wangu anasema siku za mwanzo alikuwa anamsubiri yule mzee aondoke akae kivulini, kama anavyokaa mwenye shamba huku kwetu. Mzee haondoki. Ikafika mwezi wa pili ndipo akaacha kumsubiri.

Na huyo mzee alikuwa na tabia moja. Akiona tawi limekatwa, hasemi umekosea au umepatia. Anauliza: "Kwa nini umekata hapa?" Basi. Anasubiri jibu. Kijana wetu, aliyelelewa kwamba mkubwa akikuuliza kwa nini, maana yake umeshakosea na ujiandae, alikuwa anaomba radhi kila mara. "Samahani, mzee." Na mzee anarudia: "Sikuuliza uniombe radhi. Kwa nini umekata hapa?" Ilimchukua muda mrefu kuelewa kwamba anaulizwa kwa sababu anadhaniwa kuwa na sababu.

Msikilizaji, naomba nikae hapa kidogo, maana naliona hili ni kubwa kuliko mipira ya matone. Sisi tunawafundisha watoto wetu adabu, na nashukuru Mungu tunawafundisha. Lakini mara nyingi tumewafundisha pia kwamba adabu ni kunyamaza. Mtoto mwenye adabu haulizi mshahara wake umekatwa nini. Mtoto mwenye adabu hamwambii bosi kwamba hesabu haikutimia. Sasa huyu kijana, mwezi wa nne, alipokea hati yake ya mshahara. Kule wanalipwa kwa kima cha chini cha sheria, kiasi ambacho ukikigeuza kuwa shilingi unaona umeula. Halafu makato yanakuja: nyumba, bima, ada ya mafunzo. Na yeye chakula chake anajinunulia. Alikuwa na daftari dogo analoandika saa zake za kazi kila jioni. Akalinganisha. Saa za ziada za siku mbili hazimo.

Alikaa nalo siku tatu, halali vizuri. Siku ya nne akachukua daftari lake, akaenda ofisini, akasalimia, akaliweka mezani na kusema: "Naomba tuangalie pamoja." Wakaangalia. Kosa lilikuwepo, likasahihishwa mwezi uliofuata. Hakugombana na mtu, hakupandisha sauti, na hakunyamaza. Nilipoisikia habari hiyo nilijiuliza: mimi katika umri wake ningeweza? Nisingeweza, msikilizaji. Ningenung'unika kwa wenzangu chumbani mpaka mkataba uishe.

Ndiyo maana nakuuliza tena: kijana akirudi, tunamwuliza nini? Maana jambo kama hilo la daftari huwezi kulijua kama swali lako ni la begi.

Sitaki nikupake rangi nzuri tu. Wako waliokwenda na wakarudi mikono mitupu kwa maana zote mbili. Ninamfahamu kijana mmoja aliyewekwa kwenye banda la kufungashia tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Miezi kumi na moja alifunga katoni. Shamba aliliona kupitia dirishani. Alikuwa ameahidiwa kujifunza, akageuzwa mkono wa bei rahisi, na alipouliza akaambiwa msimu ni mrefu, vumilia. Huo si mpango wa mafunzo, hata kama kwenye karatasi umeandikwa hivyo. Mzazi, kabla mtoto hajaondoka, kaa naye muusome mkataba neno kwa neno. Kama umeandikwa kwa lugha msiyoielewa, tafuteni wa kuwafasiria, na si yule anayeuza nafasi. Atakuwa kwa nani? Atafanya kazi gani, na ataihama lini kwenda nyingine? Hati ya kusafiria itakaa kwa nani? Hilo la mwisho jibu lake ni moja tu: kwake mwenyewe, mfukoni mwake. Na akiumwa usiku, au likitokea la kutokea, atampigia nani?

Nasema likitokea la kutokea nikiwa na sababu. Tarehe 7 Oktoba 2023, kusini mwa Israeli karibu na mpaka wa Gaza, vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda kwa mpango kama huu waliuawa katika shambulio la siku ile. Mmoja mwili wake ulirudi nyumbani mwezi uliofuata. Wa pili, mabaki yake yalikaa Gaza miaka miwili kabla ya kurudishwa kwa wazazi wake. Na vita iliyofuata pale Gaza imeua maelfu kwa maelfu ya watu, watoto wengi wakiwemo. Hawa wetu walikwenda kujifunza kulima na kufuga. Sitayataja majina yao hapa, kwa heshima ya wazazi wao, ila wazazi wakiwa wananisikia, wapokee pole yangu. Mimi siwezi kukaa kwenye kipaza sauti hiki nikakuambia ng'ambo kunamjenga kijana bila kukuambia hilo. Dada yangu mwaka ule alikuwa anakaa na simu kifuani. Mwanawe alikuwa ameshamaliza na kurudi, lakini mama yake alikuwa anapiga hesabu za miezi, na kila akizipiga anakaa chini.

Baada ya hapo ndipo nikamwita mpwa wangu nikamwomba anisimulie upya, tangu mwanzo, na safari hii nisikilize. Mengi niliyokuambia jioni hii niliyapata siku ile.

Lakini kumpeleka kijana mbali na mama yake, kumtia kwenye kazi ngumu na kumrudisha, si jambo geni kwetu. Tuna JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, tangu mwaka 1963. Ilisimama kwa wahitimu wa kidato cha sita mwaka 1994, ikarudi mwaka 2013. Mimi nilipita huko kwa mujibu wa sheria, enzi zile za mwaka mzima. Niliporudi nyumbani, mama yangu hakuniuliza nimeleta nini, maana alijua sina kitu. Asubuhi yake alinipa shoka, akanionyesha mwarobaini ulioangukia banda la mbuzi, akasema: "Haya, tuone walichokufundisha." Nikaukatakata ule mti mpaka jioni, yeye amekaa kwenye mkeka anachambua mchele na kunitazama. Sikumbuki kama nilishawahi kujisikia mtu mzima kuliko siku hiyo.

Unaona, msikilizaji? Mama aliuliza kwa shoka jambo lile lile nililopaswa kumwuliza mpwa wangu pale uwanja wa ndege. Unaweza kufanya nini leo ambacho mwaka jana hukuweza? Hebu lirudie na wewe hapo ulipo. Unaweza kufanya nini leo ambacho mwaka jana hukuweza?

Sasa tumalizie habari ya kijana wetu. Alirudi na akiba. Sehemu ikaenda kwenye bati za nyumba ya mama yake, sehemu kwenye ada ya mdogo wake, na hapo sina la kumlaumu, damu ni damu. Iliyobaki akanunua mipira ya matone, pampu ndogo ya petroli na simtanki, akakodi nusu ekari Mlali, Mvomero. Akapanda hoho. Watu wa pale wakaja kutazama mipira imelala kwenye matuta kama nyoka weusi. Wengine wakasema huyu ametoka Ulaya. Israeli si Ulaya, lakini kwetu kila aliyepanda ndege ametoka Ulaya.

Wiki ya tatu hoho zikaanza kunyauka. Mstari mmoja mbichi, mstari mwingine umekauka. Matundu ya mipira yameziba. Kule Arava maji yanapita kwenye machujio makubwa kabla ya kufika shambani, na yale machujio yalikuwa kwenye kibanda chenye kufuli, kazi ya mtu mwingine. Miezi kumi na moja mpwa wangu alipita mbele ya kile kibanda kila alfajiri, hakuwahi kuingia. Huku maji yake yanatoka mtoni, na wakati wa mvua mto ule unashuka na udongo mwekundu kama uji wa ulezi.

Nilikuwepo siku hiyo. Nilimwona amechuchumaa tutani, mpira mkononi, kimya. Nikadhani ameishiwa. Akatoa simu, akampigia video mwenzake wa Nepal, yule waliyekaa naye chumba kimoja. Yule ndiye aliyekuwa akifanya kazi kwenye kibanda cha machujio. Kiingereza chao kilikuwa cha kuungaunga pande zote mbili. Mpwa wangu akazungusha simu amwonyeshe pampu, amwonyeshe tangi, amwonyeshe mto. Mnepali akasema subiri, nami nikamwona anatoka nje, ng'ombe wanapita nyuma yake, anakwenda kumwonyesha chujio lake mwenyewe alilolitengeneza kwa pipa na mchanga. Wakaongea karibu saa nzima. Fungua miisho ya mipira, ruhusu maji yasukume uchafu. Weka chujio kabla ya tangi na jingine baada yake. Safisha kila siku, usisubiri uone dalili.

Nilisimama pale nikalikumbuka begi la uwanja wa ndege.

Nusu ya hoho ziliokoka. Akazichambua kwa madaraja matatu, safi kabisa, kama alivyozoea, akazipeleka soko la Ilala. Dalali akazitazama, akazimimina zote kwenye gunia moja la lumbesa, akataja bei moja. Hilo nalo ni somo ambalo Arava hawalifundishi, na hapo, wakubwa wa masoko na wa vipimo, mpira uko kwenu. Tunawapeleka vijana wakajifunze kupima kwa kilo na kupanga kwa daraja, wanarudi kwenye soko linalonunua kwa lumbesa. Kijana atafanya nini na ujuzi huo? Mpwa wangu safari hii anatafuta hoteli mbili tatu za Morogoro mjini zitakazonunua moja kwa moja. Moja imeshakubali. Ya pili inamzungusha.

Nawe mwanafunzi wa mwaka wa tatu unayenisikiliza, unayesubiri majina ya watakaokwenda yabandikwe, nina ombi moja kwako. Ukifika huko, tafuta kibanda chenye kufuli. Kila shamba linacho, kila kiwanda, kila hoteli. Omba uingie hata kwa siku moja ya mapumziko yako. Na mwenzako wa chumba, hata kama mnaelewana kwa ishara, chukua namba yake.

Jumamosi iliyopita nilipita Mlali. Nilikuta vijana wanne wa SUA wamefika kumwona, wana madaftari, wanataka wasimuliwe Israeli kukoje. Aliwakaribisha maji ya kunywa, halafu akawapeleka kwenye chujio. Akamkabidhi mmoja spana. Kijana akaishika, akasita, akauliza kama aanzie juu au chini. Mpwa wangu akamwuliza: "Wewe unaonaje, na kwa nini?"